Hata Akija na Karatasi

Kazi yake ilikuwa kudeki. Tuliweke hilo wazi mapema, maana siku hizi wanaomsimulia utadhani alizaliwa kashika kipaza sauti. Alikuwa mfagizi wa zahanati, basi. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, tambara la kudekia, na viatu vya mpira vilivyomzidi mguu kwa sababu vilinunuliwa kwa kipimo cha mfagizi aliyemtangulia, mwanamume wa miraba minne. Akipita ukumbini unamsikia kabla hujamwona, kwapu, kwapu, na wagonjwa wanainua miguu wenyewe bila kuambiwa.

Lakini alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho, wala sista mkuu. Alijua Kikwao, lugha ya mtaa aliozaliwa. Ng'ambo ya machimbo kuna mtaa wa wagonga kokoto, watu ambao babu zao waliletwa kuvunja mawe barabara ilipokuwa inajengwa. Barabara ikaisha, wao wakabaki. Kiswahili wanacho, cha dukani na cha kuombea kazi. Ila mtu akishikwa na tumbo haumwi kwa Kiswahili. Anaumwa kwa lugha aliyonyonya nayo, na pale zahanati aliyeweza kumjibu kwa lugha hiyo alikuwa mmoja tu, tena kashika tambara.

Mtaani kwao walimwita Spika, na watani wakikutana naye njiani walimpigia saluti: "Mheshimiwa Spika!" Jina hilo alilipata miaka miwili nyuma, kipindupindu kilipoingia. Bwana Afya, ndiye ofisa wa afya wa eneo lile, kijana mrefu wa miwani ambaye hata akikusalimia hutazama karatasi kwanza, alimwita stoo, chumba pekee chenye utulivu, akampa karatasi yenye mistari minne. Nawa mikono. Chemsha maji. Funika chakula. Mgonjwa awahishwe zahanati. Akamwambia, "Mama, yaseme haya kwa lugha yenu, mimi narekodi kwenye simu."

Akayasema yote manne, vizuri kabisa. Lakini alipomaliza, akamkumbuka mama yake mzazi, bibi mjane asiye na mkaa wa kuchemshia hata chai. Akakumbuka pia kwamba wauza maji wa mikokoteni walikuwa wanapita mtaani na karatasi ya kughushi, yenye muhuri wa bandia, wakidai tangi la bluu la serikali limetiwa dawa ya kufunga uzazi. Wanataka maji yao yanunuliwe, washenzi wale! Damu ikamchemka. Simu ilikuwa bado inarekodi, naye akaongeza ya kwake: "Na asiyeweza kuchemsha achote kwenye tangi la bluu. Lina dawa ya kuua vijidudu, ni salama. Mtu yeyote akiwaambia maji ya tangi ni mabaya, huyo ni mwongo. Msimsikilize, hata akija na karatasi, hata akija na muhuri."

"Mbona kwenu maneno mengi hivyo?" Bwana Afya akauliza, huku akicheka.

"Ndivyo lugha yetu ilivyo, bosi. Ndefu."

Yakaishia hapo. Wala hakudanganya watu, tangi lilikuwa linatiwa dawa kila asubuhi, na ugonjwa ukakatika ndani ya wiki tatu. Watu wakamsifu. Matangazo ya Kiswahili huja na kuondoka, leo hili kesho lile, lakini kwa lugha yao hawakuwahi kupata tangazo lingine, kabla wala baada. Kwa hiyo lile moja halikuzeeka. Lilihama kutoka simu hadi simu. Mlinzi wa tangi, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Mzee Funguo, alilitia kwenye spika yake ndogo, akawa analipiga kila alfajiri akifungua bomba, na yeye mwenyewe anakunywa kikombe cha kwanza mbele ya foleni ili watu waone.

Sasa njoo Alhamisi ile.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Saa mbili na nusu asubuhi Spika anadeki wodi, akaletwa mama kijana kutoka mtaani kwao, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, shingo imelegea, macho yameingia ndani. Nyuma yake wanaume wawili wamebebana. Sista mkuu akamlaza mtoto, akaanza kutafuta mshipa, akaukosa mkono wa kulia, akaukosa wa kushoto.

"Muulize wamekunywa nini!" sista akapaza sauti.

Spika akauliza. Yule mama kijana akamtazama usoni, hata hakumshangaa. "Ya tangi tu," akasema kwa Kikwao. "Si ulituambia mwenyewe? Hatujanywa mengine hata tone."

Tambara likamponyoka.

"Anasemaje?"

"Anasema... wamekunywa ya tangi."

Nusu ya maneno akayameza. Ndiyo, aliyameza, tusimpambe. Sista akapata mshipa mguuni, dripu ikaanza kudondoka, na Spika akainama kuokota tambara lake.

Ukumbini alikuwepo Bwana Afya, kalowa hadi magotini, anamlalamikia daktari. "Watu wale ni wabishi, sijapata kuona! Bomba linaloingia tangini limepasuka, na shimo la choo cha pale juu limefurika, uchafu wote unaingia humo. Nimepima Jumatatu. Jumanne nimetangaza, nimebandika karatasi yenye muhuri, nimefunga bomba kwa kufuli. Wamevunja! Vidonge vya kutibu maji nimegawa, wamevitupa mtaroni. Jana bibi mmoja kanicheka, kanionyesha simu yake, ananitikisia kidole. Sijui ananionyesha nini."

Spika alijua. Katika watu kumi na tisa wa kazi wa jengo zima lile, ni yeye peke yake aliyejua kwa nini karatasi yenye muhuri imezomewa. Na bibi wa simu alimjua pia, maana mtaani kote bibi wa kumtikisia ofisa kidole ni mmoja, na ndiye aliyemzaa. Angeweza kunyamaza. Nani angemgundua? Nakwambia alilifikiria hilo, sekunde kadhaa, akiwa ameshika ndoo. Kisha akakimbilia stoo na kupiga simu.

"Haloo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, nisikilize vizuri. Maji ya tangi usinywe. Uliyonayo ndani mwaga yote."

Halafu mama akashusha sauti. "Hapo uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama, niko stoo. Umeshakunywa leo?"

"Kama kawaida. Tumbo linanisokota kidogo, uzee huo. Lakini wewe, mbona unanigeuka? Kila jioni nakusikiliza humu kwenye simu. Unasema anayeponda tangi ni mwongo, hata akija na karatasi. Na huyo wa miwani amekuja nayo hiyo karatasi!"

"Ile ni rekodi, mama! Ni ya zamani!"

"Aa-aa. Wamekukalia kooni hao, naelewa, kazi ni kazi." Mama akanong'ona. "Sikiliza, mwanangu. Kama wamekulazimisha kusema hayo, usijibu kitu. Kohoa tu, nitajua."

Stoo ile ilikuwa imejaa harufu ya dawa ya kusafishia, kali, ya kuchoma pua. Na machozi alikuwa ameyazuia tangu wodini. Akafungua mdomo aseme hapana, mama, hapana, harufu ile ikampalia. Akakohoa.

"Nimekupata," mama akasema, akakata simu.

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga mara ya tatu, bado inatumika. Jamani! Bibi alikuwa anawapigia majirani.

Alimkuta Bwana Afya anawasha gari. Akapanda bila kualikwa, na viatu vyake vya mpira. Wakaenda hadi walipoyakaribia machimbo. Ndipo akasema, "Simama. Nishushe hapa."

"Hapa? Bado mbali."

"Wakiniona nashuka kwenye gari lako, kwisha habari." Akamwambia yote. Mistari minne, na ile aliyoitia yeye. Hakupunguza.

Bwana Afya alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimekuwa nikijisifia tangazo lile kwenye mikutano." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechotewa mchanga akidhani ni sukari. "Unajua nikiliandika hili, kazi huna?"

"Andika, bosi. Ila leo nishushe."

Akachomoa tangazo jipya kwenye faili, lina muhuri. "Basi angalau chukua hii."

"Hiyo ndiyo kabisa niiache," akasema, akashuka mikono mitupu.

Tangi la bluu lilisimama juu ya nguzo nne za zege, na chini yake foleni ya ndoo imejipinda mpaka nyuma ya vibanda. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Wengine hawakuwa na ndoo, wamekuja kuona. Kufuli la Bwana Afya lilikuwa limelala chini, limevunjwa kwa nyundo ya kokoto. Mzee Funguo kaketi kwenye kiti chake cha plastiki, spika pajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Pole na wao, waliokutuma."

"Hakuna wao. Nimekuja mwenyewe. Baba, funga bomba. Maji yana uchafu wa choo. Wodini kuna mtoto hatujui kama ataamka."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Kohoa basi tujue!" Watu wakacheka, kicheko kifupi, cha wasiwasi. Mwingine akasema, "Mama yako ametueleza. Usiogope, hatukulaumu." Na ndoo ikasogezwa bombani, maji yakafunguliwa, yakamiminika meupe, mazuri ya kutazama.

Akaifunga koki kwa mkono wake. Kijibaba kimoja, mpakia mawe, kikamsukuma bega na kuifungua. Akaifunga tena. Mzee Funguo, kwa upole kabisa, akabonyeza spika yake, na sauti ya Spika ikajaa uwanjani, changa kidogo, yenye kujiamini: nawa mikono kwa sabuni. Watu wakatulia kuisikiliza. Walikuwa wanamtazama yeye na kumwamini yule wa kwenye spika.

Basi akaanza kusema naye. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Chemsha maji. Funika chakula. Mgonjwa awahishwe. Sauti mbili za mtu mmoja, na wale wa mbele wakaacha kunong'ona. Ilipofika mwisho wa mstari wa nne akanyamaza, na spika ikaendelea peke yake: asiyeweza kuchemsha achote kwenye tangi la bluu...

"Mmesikia nimenyamaza wapi?" akauliza. "Karatasi ya Bwana Afya iliishia hapo. Yanayofuata hakuniagiza mtu. Niliyatia mwenyewe, stoo, kwa hasira ya wale wa mikokoteni. Wakati ule yalikuwa kweli. Leo yanaua. Mwongo mnayemtafuta ni huyo anayesema humo ndani, na huyo ni mimi!"

Wengine wakatazamana. Nadhani wangeanza kugeuka, kama si mama yake kupenya katikati ya watu na kikombe chake cha bati, kanga kaifunga kwa nguvu tumboni, uso umempauka.

"Mwacheni mwanangu," bibi akasema. "Wamemtisha, hata hajui anachosema. Mimi nitawaonyesha nani mkweli." Akafungua koki, akajaza kikombe hadi juu, akakiinua. "Kwa maneno ya mwanangu aliyoyasema akiwa huru."

Spika alimpiga mkono.

Si kumgusa, si kumzuia. Alimpiga mama yake mkono, pa!, mbele ya mtaa mzima, kikombe kikaruka, kikagonga nguzo na kubingirika mpaka chini ya ndoo za watu. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Bibi akabaki anatazama kiganja chake kilicholowa.

"Umenipiga," akasema.

"Nimekupiga, mama."

"Mimi?"

"Na ukijaza kingine nitakupiga tena. Halafu unilaani ukipenda, lakini unilaani ukiwa hai." Alikuwa analia waziwazi sasa, makamasi na yote, na hakujifuta.

Spika ya Mzee Funguo bado ilikuwa inasema hata akija na muhuri. Mzee akaizima. Akasimama taratibu, mkono kiunoni.

"Kusema, mtu anaweza kulazimishwa," akawaambia watu. "Mimi mwenyewe nimewahi kusemeshwa nisiyoyataka. Lakini kuinua mkono umpige mama yako? Hakuna mshahara wa hivyo. Huyu anasema kweli. Mwageni."

Akaifunga koki mwenyewe. Wa kwanza kumwaga alikuwa yule mpakia mawe. Kisha ndoo moja baada ya nyingine, maji yakatiririka kwenye tope, na watu wakaanza kuulizana vile vidonge vilitupwa mtaro gani.

Spika alimshika mama yake kiunoni. Bibi alikuwa hawezi tena kusimama wima. Akampungia mkono Bwana Afya kule mbali alete gari. Ndipo akaona Mzee Funguo anakitazama kikombe chake mwenyewe, kile cha kila alfajiri.

"Baba, leo umekunywa?"

"Leo, jana, juzi. Mimi ndiye wa kwanza, si unajua. Lazima waone."

"Basi panda gari, twende wote."

"Wa zamu ya machimboni wanarudi saa saba na kiu yao. Hawajasikia haya. Nani atawaambia? Nenda na mama yako, mimi nitakuja." Akaketi tena kwenye kiti cha plastiki, mgongo kaulaza kwenye bomba ili asifungue mtu. Na kweli hakufungua mtu. Lori la maji safi lilipofika saa kumi walimkuta bado ameketi pale, suruali imelowa, hawezi kusema. Wakambeba.

Wiki ile zahanati ilijaa hadi ukumbini. Spika alideki kati ya vitanda na kutafsiri juu ya ndoo, na safari hii hakumeza neno. Yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu siku ya pili aliomba maji, akapewa, akaomba tena, na mama yake akamshika Spika sketi asimwache aondoke. Watu thelathini na wanne walilazwa. Thelathini na watatu walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Mzee Funguo alifariki Jumapili asubuhi. Dripu zilimkuta amechelewa. Spika ndiye aliyemwambia mjane, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwambia. Mjane akamuuliza swali moja tu, kama mzee aliteseka, naye akasema ndiyo, kidogo, mwanzoni.

Bwana Afya aliandika ripoti, akaandika na lile la maneno ya ziada. Spika kazi hakupoteza, alipewa onyo, lipo kwenye faili mpaka leo. Wakarekodi tangazo jipya, na mara hii ofisa akamtaka ayarudishe maneno yote kwa Kiswahili, moja moja, huku yule mama kijana ameketi pembeni anasikiliza kama kuna lililozidi. Mwisho wa tangazo wakaweka tarehe: baada ya siku hiyo lifutwe, watu waulize upya zahanati.

Halafu akaanza kupita nyumba kwa nyumba kulifuta lile la zamani. Simu mia na kitu. Watu walimpa wenyewe, wengine wakimtania, "Mheshimiwa anajifukuza bungeni," na yeye hakuweza kucheka. Aliiacha simu moja hadi mwisho.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amepungua, kikombe kile cha bati chenye bonde jipya ubavuni kiko mezani. Hawakuwa wamelizungumzia lile kofi, hata wodini.

"Nipe simu, mama. Nilifute."

Bibi akaiweka simu chini ya paja. "Nikilifuta nitakusikia wapi?"

"Si nipo?"

"Upo wapi? Tangu upate kazi ya kule, mwezi wa ngapi huu hujanikalia hapa? Sauti yako ndiyo inayokuja. Inaniambia ninawe mikono, inaniambia nifunike chakula. Nilijua maneno yote kwa moyo. Nilikuwa nasikiliza sauti tu."

Spika akavua vile viatu vya mpira, akaviweka mlangoni, akapanda kitandani na kukaa ubavuni pake. Mama akaitoa simu, akamkabidhi. Binti akabonyeza. Simu ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza tena.

"Nilikosa, mama," akasema.

"Ulikosa. Na mzee wa watu amelala makaburini." Bibi akamshika ule mkono uliompiga, akauweka juu ya goti lake, akauacha hapo. "Haya, inuka sasa. Nichemshie maji. Mkaa umebaki chini ya meza."